Umeme Kwanza, Kompyuta Baadaye

 

Barua mbili zimenikuta nimejifunika blanketi na mafua yangu ya Julai, na zote zinauliza jambo moja. Ya kwanza ni ya mwalimu wa Ipogolo. Anasema kila ukifika wakati wa kujaza PEPMIS, ule mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, anajikuta kwenye benchi la steshenari, watoto wake watatu wanagombania simu moja, ya kwake, na sebule yenyewe ni ya kugeukia kwa zamu. Anataka kompyuta ndogo ya mezani. Mumewe anamwambia za mezani zimepitwa na wakati, anunue laptopu. Ya pili imetoka Uyole, kwa mama mwenye duka la pembejeo. Yeye ameonyeshwa kompyuta pale Mwanjelwa, "kori i seveni, dada, ya ukweli," bei ya kushikika, na muuzaji kamwambia akichelewa mpaka kesho hataikuta. Anauliza, aende na hela leo jioni?

Mama Uyole, tulia kidogo. Hela iache kwenye simu, nitakurudia. Naanza na shemeji, mume wa mwalimu.

Shemeji hajakosea sana. Laptopu ina betri yake ndani, umeme ukikatika inaendelea kama haijasikia. Kama mtoto wenu yuko chuoni, MUST au Mkwawa, analala hosteli na kubadili chumba kila mwaka, mnunulieni laptopu na mada iishe. Lakini mwalimu, kompyuta yako wewe haiendi popote. Itakaa sebuleni, itaguswa na watu watano, na mmoja kati yao ana uji mikononi. Laptopu ikimwagikiwa uji, unapita kwenye vibonye na kushukia moja kwa moja kwenye mitambo iliyo chini yake. Kibodi ya mezani ikimwagikiwa, unatupa kibodi peke yake, na kibodi haifiki bei ya jogoo. Kioo kikivunjika unabadili kioo. Kila kitu kinakufa kwa zamu yake, hakiendi na mwenzake.

Halafu kuna hilo la steshenari ambalo shemeji hajaliwaza, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Tunaingia pale tukiwa na haraka, tunamtajia kijana nywila zetu kwa sauti, ya maombi ya mkopo wa mtoto, ya Ajira Portal, ya barua pepe. Yeye anaziandika ili kesho asikusumbue kukuuliza. Nimewahi kuona kwa macho yangu daftari la namna hiyo: kurasa nzima za nywila za watu, majina pembeni kwa kalamu nyekundu, limeachwa wazi juu ya mashine ya fotokopi na mtu yeyote anayesubiri kurudufu cheti anaweza kulisoma. Sikumlaumu yule kijana. Alikuwa anajaribu kusaidia. Ila nilirudi nyumbani nikabadili zangu zote usiku uleule.

Sasa, kompyuta ndogo ya mezani ni ipi? Futa kichwani lile boksi refu linalokaa chini ya meza, ambalo sote tunaliita CPU ingawa CPU yenyewe ni kipande cha ndani kisichozidi kisanduku cha kiberiti. Ninachokisema mimi ni kisanduku cha sentimita 18 kwa 18 hivi, unene sentimita tatu na nusu, uzito kilo moja na ushee. Kinaingia kwenye kikapu cha sokoni na vitunguu vinabaki na nafasi. Majina utakayoyakuta ni matatu: Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk au ProDesk Mini, na Lenovo ThinkCentre Tiny. Zilitengenezwa kwa ajili ya ofisi kubwa za nje, zinazonunua kwa mamia na kubadilisha zote kwa pamoja baada ya miaka michache. Zikitolewa huko zinafungwa kwenye makontena, zinafika Kariakoo, kisha zinapanda Kitonga kuja kwetu.

Ni mtumba, ndiyo. Na mimi nakuambia nunua mtumba huu kuliko kompyuta mpya ya bei rahisi. Kilichotengenezwa kwa ajili ya ofisi kilitengenezwa kwa ajili ya kuwashwa asubuhi na kuzimwa jioni kwa miaka. Ukifungua mfuniko, mara nyingi ni skrubu moja tu nyuma, unakuta nafasi mbili za RAM, na RAM yenyewe ni ileile ya laptopu, ambayo fundi yeyote wa Kabwe au Miyomboni anayo kwenye droo. Ukitaka kuongeza mwakani, unaongeza. Kompyuta mpya za bei ya chini kabisa nyingi zimegandishwa RAM kwenye bodi. Ulichonunua ndicho utakachozeeka nacho.

Hapo ndipo nakurudia wewe, mama wa Uyole.

Wewe unauza mbegu. Mkulima akiingia dukani akasema "nipe mbegu ya mahindi", humpi tu. Unamuuliza anapanda wapi. Ukimpa UH 6303 unajua hizo herufi na namba zina maana, hiyo ni mbegu iliyotoka hapohapo Uyole kwa ajili ya nyanda za juu, na ukimpa mtu wa Kyela kule chini ufukweni umemtafutia njaa. Prosesa nayo inasomwa vivyo hivyo. "i7" peke yake ni kama kusema "mahindi". Angalia namba inayofuata baada ya kistari. Ikiandikwa i5-6500T, ile 6 ya mwanzo ndiyo kizazi chake, mafundi wanasema jenereshen. i5-8500T ni kizazi cha 8. i5-10500T ni cha 10. Herufi T mwishoni inakuambia ni ya kula umeme kidogo, na ndiyo inayofungwa mara nyingi kwenye visanduku hivi vidogo. Sasa i7 ya kizazi cha 4 ni ya miaka ya 2013 na 2014. i3 ya kizazi cha 10, ambayo muuzaji wako angeitaja kwa aibu, inaipita kasi, na inakula umeme kidogo kuliko hiyo.

Kizazi kina jambo jingine zaidi ya kasi. Windows 11 ilipotoka mwaka 2021, Microsoft walichora mstari: prosesa za Intel za kizazi cha 8 kwenda juu zinakubaliwa, za chini yake, ukiacha chache mno, hazikubaliwi. Kisha tarehe 14 Oktoba 2025 msaada wa kawaida wa Windows 10 ukafika mwisho. Kwa hiyo ofisi za nje zinavitoa visanduku vya kizazi cha 6 na cha 7, vizima, visafi, na ndivyo utakavyovikuta kwa bei inayokufanya umtafute mwenzako umwambie. Siyo vibovu. Ukiweka Linux badala ya Windows, tuseme Mint au Ubuntu, pamoja na LibreOffice ya kuandikia, vitakufanyia kazi miaka mingi na hulipii hata senti. Lakini kama unataka Windows inayopata masasisho ya usalama, mstari wako ni kizazi cha 8. Kwa haraka haraka: OptiPlex 3050 iache, 3060 ichukue. EliteDesk 800 G3 iache, G4 ichukue. ThinkCentre M710q iache, M720q ichukue. Andika kwenye kiganja kama tulivyokuwa tunaandika fomula za hesabu.

Na muuzaji akikuambia "nitakuwekea Windows 11 hata kwenye hii ya zamani", anasema kweli, inawezekana kuilazimisha. Ila Microsoft hawaahidi kwamba masasisho yataendelea kuja. Siku yakigoma, yeye hapokei simu.

RAM chukua GB 8. Microsoft wanaandika kwamba 4 zinatosha kuwasha Windows 11, na ni kweli inawaka, kama vile mtu anavyoweza kupanda Loleza na ndala. Diski iwe SSD, hata ya GB 256, usikubali hadidiski ya kuzunguka kwa sababu tu ameandika TB 1. Watu wanadhani prosesa ndiyo inayofanya kompyuta iwe nzito kuwaka, kumbe mara nyingi ni ile diski inayozunguka.

Bei sikuandikii. Dola ikikohoa wiki hii, Kariakoo wanabadilisha vibandiko wiki ijayo, na ukisoma kona hii Desemba utanitukana bure.

Sasa twende dukani. Mwezi wa nne nilimsindikiza binamu yangu Iringa, duka moja pale Miyomboni, la vioo, lenye kijana mwenye heshima zake. Kisanduku kilikuwa kimefutwa mpaka kinang'aa. Nikamwomba akiwashe. Akakiwasha. Nikaomba kiti. Hapo akaanza kunitazama vizuri.

Nilibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kikafunguka kidirisha kinachoonyesha prosesa ipi, RAM kiasi gani na diski ya aina gani. Usisome stika iliyobandikwa mbele, stika inabanduka na kubandikwa kwingine. Prosesa ilikuwa sawa, RAM sawa. Nikamwambia azime, awashe tena, aingie kwenye mipangilio ya ndani kabisa, ile BIOS. Kwa Dell unabonyeza F2, HP F10, Lenovo F1, mara tu inapowaka. Ikaomba nywila. Kijana hakuwa nayo. Hapo ndipo niliposhusha miwani. Nywila ile iliwekwa na ofisi iliyokuwa na mashine hiyo huko Ulaya, na bila hiyo nywila huwezi kubadilisha mambo ya msingi. Tukaiacha. Kijana akaleta ya pili, hiyo ikafunguka bila shida. Tukairudisha kwenye hali ya kiwandani hapohapo dukani, tukasubiri mpaka mwisho, na sababu yake ni hii: zipo mashine ambazo ukishazifuta zinakuja na salamu ya kampuni usiyoijua na kukutaka uingie kwa barua pepe ya kazi ya kule. Hiyo maana yake bado imefungwa kwa mwenyewe wa zamani. Haikuja. Iliuliza lugha na nchi, kama mgeni mstaarabu.

Kisha tukaweka video ya YouTube, tukaiacha icheze. Binamu akaagiza chai. Baada ya dakika kama ishirini niliweka kiganja nyuma, pale hewa inapotokea. Joto la kawaida, kama kikombe cha chai iliyokwisha kupoa nusu. Feni ilikuwa inavuma kwa sauti moja. Ikipanda na kushuka kama pikipiki inayopanda Mlima Nyoka, ndani kuna vumbi au ile krimu ya kupitishia joto juu ya prosesa imekauka. Fundi anatengeneza, lakini omba upunguziwe bei. Nikainusa pia. Binamu alicheka, kijana alicheka. Kitu kilichowahi kuungua kina harufu, na harufu haifutiki kwa kitambaa.

Jambo la mwisho pale dukani ni matundu ya nyuma. Vingi vya visanduku hivi vina tundu la DisplayPort, hasa HP, na monita yako ya mtumba pengine ina VGA au HDMI. Nunua kebo ya kuvigeuza hapohapo, ujaribu hapohapo. Uliza pia kama kina Wi-Fi. Ofisi nyingi zilikuwa zinatumia waya, kwa hiyo vingi vilitoka kiwandani bila kadi ya Wi-Fi. Unaweza kuchomeka kile kidude kidogo cha USB, au ukaunganisha simu kwa waya wake wa kuchajia na kutumia bando lake.

Nilijifunza mambo haya kwa kuchomwa. Kisanduku changu cha kwanza nilikinunua kwa simu. Duka la Dar, picha nzuri, maneno matamu, nikatuma hela, wakakipandisha basi, nikakipokea stendi ya Igumbilo jioni na mvua. Mashine nzima. Adapta siyo yenyewe. Hizi ndogo hazina kile chuma cha umeme ndani kama maboksi makubwa. Umeme unapitia kwenye adapta ya nje kama ya laptopu, na wao walikuwa wamenitumia ya kuungaunga, pini imefungwa kwa utepe mweusi. Ikawaka, ndiyo, lakini kila asubuhi iliniandikia kwamba haiitambui adapta, na kwa kuwa haiitambui ikajipunguza mwendo yenyewe. Nikakaa miezi miwili nikidhani nimeuziwa kompyuta mgonjwa. Fundi mmoja mzee wa Mlandege aliichomeka adapta halisi kutoka kwenye droo yake na mashine ikaamka kama mtoto aliyeitiwa pipi. Kwa hiyo adapta iwe ya kampuni ileile, na usome wati zake. Nyingi ni 65, nyingine ni 90, na ya 90 haifai kubadilishiwa ya 65.

Sasa umeme wenyewe, ambao ndio sababu ya kichwa cha habari.

Kabla ya hicho kisanduku nilikuwa na boksi kubwa, tukikaa Forest hapa Mbeya. Jioni moja ya Machi, mvua, taa zikapauka mpaka zikawa rangi ya chungwa, zikazima, zikarudi, zikazima. Mara ya tatu ziliporudi zilirudi kwa kishindo. Nilisikia "tap", dogo tu, kama mtu amevunja kijiti. Halafu harufu. Diski ilipona, nashukuru, lakini power na bodi vyote vilikwenda. Picha za harusi ya mdogo wangu zilikuwa kwenye hiyo diski na popote pengine hazikuwepo. Usiku ule sikulala mpaka fundi aliponiambia asubuhi kwamba zipo.

Ndiyo maana nasema tenga hela ya UPS, ile betri inayoshikilia kompyuta umeme ukikatika, kabla hujaanza kuchagua prosesa. Kama hela haitoshi vyote viwili, shuka kutoka i7 hadi i5, au kutoka i5 hadi i3, lakini UPS usiishushe. Na hapa kisanduku kidogo kinajilipa chenyewe. Boksi la zamani na kioo chake linaweza kula wati 80 ukiwa unaandika barua tu. Kisanduku kidogo, wati 15 hivi katika kazi nyepesi, kioo cha inchi 20 kama wati 20. Jumla 35. UPS ya kawaida ya VA 650, ile yenye betri moja ndogo ndani, ikiwa mpya inakubeba nusu saa hivi kwa mzigo huo. Kwa boksi kubwa muda huo unapungua sana. Nusu saa mwalimu anamaliza PEPMIS yake. Betri ya UPS inachoka baada ya miaka miwili mitatu. Ukiona inalia na kuzima papo hapo, usitupe UPS, badili betri.

Adapta za visanduku hivi nyingi zimeandikwa zinapokea volti 100 hadi 240. Igeuze uisome. Hiyo ni faida kwa mitaa ambayo ikifika saa moja usiku kila mtu amewasha pasi na jiko la umeme na nguzo ya mwisho inabaki na umeme wa kulambishwa. Televisheni inagoma, friji inaguna, kisanduku kinaendelea.

Wapo watakaokuambia kompyuta ndogo itakuokolea hela ya LUKU. Tupige hesabu bila ushabiki. Wati 35 kwa saa nne kila siku ni uniti 4.2 kwa mwezi. Wati 80 kwa saa hizohizo ni uniti 9.6. Umeokoa uniti 5.4. Kama uko kwenye lile daraja la matumizi madogo ambalo uniti ni shilingi 100 kabla ya kodi na tozo, umeokoa shilingi 540. Usimtangazie mtu. Inakuwa na maana tu kama nyumba yako inacheza karibu na uniti 75 kwa mwezi, kwa sababu ukivuka hapo kila uniti ya ziada ni shilingi 350.

Radi ni habari nyingine, na watu wa Tukuyu mnaijua kuliko mimi. Hakuna UPS ya dukani inayosimama mbele ya radi iliyopiga nguzo ya karibu. Ngurumo zikianza, hifadhi kazi, zima, chomoa plagi ukutani. Chomoa na waya wa intaneti kama unao, wengi wanasahau huo, na radi haichagui mlango. Nazungumzia radi za mvua. Zile za kutumwa waulizeni wenyewe wanaozituma.

Iringa mna vumbi. Kuanzia Agosti upepo ukianza, lile vumbi jekundu linaingia hata kwenye kabati lililofungwa, na feni ya kompyuta kazi yake ni kuvuta hewa. Kisanduku usikiweke sakafuni. Kipandishe mezani, au kifungwe nyuma ya kioo kwa kile kibati chake chenye matundu manne. Mara mbili kwa mwaka kifunguliwe na kupulizwa. Usikifunike na kitambaa cha kufuma kikiwa kinafanya kazi. Najua mama mkwe alikifuma kwa upendo, kiwekwe juu ya redio.

Mbeya tuna baridi, na baridi yenyewe haina tatizo na kompyuta. Tatizo ni jiko la mkaa tunaloliingiza sebuleni Juni na Julai. Majivu laini na masizi yanavutwa na feni na kuganda kwenye mapezi ya kupoozea. Nimewahi kuona kisanduku kilichofunguliwa baada ya misimu miwili ya namna hiyo: mapezi yameziba kabisa, kijivu, kama nyuma ya sufuria. Na kwenu wenyewe pia, hewa ya mkaa kwenye chumba kilichofungwa inaua watu bila kupiga kelele. Fungueni dirisha, kompyuta iwe kisingizio.

Kuhusu kutumia televisheni badala ya monita, mnaniuliza sana. Inawezekana, kwa HDMI. Kwa filamu na katuni safi. Kwa kusoma na kuandika, televisheni nyingi za inchi 32 zina nukta 1366 kwa 768 tu, herufi zinatoka na ndevu, macho yanauma baada ya nusu saa. Tena saa mbili usiku mwalimu anataka kusahihisha na shemeji anataka taarifa ya habari. Nunua monita ya mtumba.

Siku ya kwanza ukiiunganisha na simu, ingia kwenye mipangilio ya mtandao, tafuta palipoandikwa Metered connection, uwashe. Usipofanya hivyo Windows itaanza kushusha masasisho yake yote kimyakimya na bando la wiki litaisha kabla chai haijapoa. Ukienda mahali penye Wi-Fi ya bure, kisanduku ni kilo moja, kibebe ukakisasishe huko. Watoto waonyeshe vitabu vya kiada ambavyo Taasisi ya Elimu Tanzania imeviweka mtandaoni, kabla hawajakuonyesha wao YouTube.

Mnaouliza Mac mini: nzuri, tulivu, ndogo, na ile ya M4 ya mwaka 2024 inaanza na GB 16. Lakini RAM yake haiongezeki milele, na fundi wa kuifungua huku kwetu si wa kumpata kila kona. Ukinunua ya mtumba, hakikisha mwenyewe wa zamani ameitoa kwenye akaunti yake, la sivyo umenunua kizuia mlango. Vile visanduku vipya vya Kichina vyenye prosesa ya N100 vinakula umeme kidogo mno na vinafaa kwa barua, YouTube na hesabu za duka. Udhaifu wao ni dhamana, maana aliyekuuzia naye aliagiza. Raspberry Pi mpe mtoto anayependa kufungua redio.

Neno moja kuhusu wizi, kwa sababu mtu wa Ilomba aliniuliza na ana haki. Kitu kinachoingia kwenye kikapu chako kinaingia na kwenye koti la mwizi. Visanduku hivi vina kijitundu cha kufungia kebo ya chuma. Itumie, ifunge kwenye mguu wa meza nzito. Na picha za familia ziwe mahali pengine pia, kwenye diski ya pembeni inayokaa kabatini, siyo pembeni ya kompyuta.

Basi. Mwalimu wa Ipogolo: kisanduku cha kizazi cha 8, i5, GB 8, SSD, monita ya inchi 20 au 22, UPS, kebo sahihi, adapta halisi. Mwambie shemeji nimesema laptopu mtanunua mwanenu wa kwanza akipata chuo.

Mama wa Uyole, hiyo i7 mwombe muuzaji akupigie picha ya namba nzima ya prosesa, pamoja na zile tarakimu baada ya kistari. Ikianza na 4, 6 au 7, mshukuru, rudi dukani kwako. Na usihofu kuchelewa. Mimi nilipita Mwanjelwa Jumamosi, nikaiona palepale dirishani, na vumbi lililokuwa juu yake si la siku moja.